Nafsi Kuwa Shahidi: Mafundisho ya Upendo Mwema katika Visuddhimagga

Kila fundisho la upendo hukabiliwa na swali moja: mtu aanzie wapi? Akiambiwa aanze na adui yake, atashindwa kabla ya kupiga hatua ya pili. Akiambiwa aanze na yule ampendaye sana, hatakuwa amefundishwa kitu, maana hata mnyama hupenda wake. Na akiambiwa aanze na nafsi yake mwenyewe, wasikilizaji watanung'unika kwamba huo ni uchoyo uliovikwa kanzu ya ibada. Swali hili ni kongwe, na wachache wamelitazama kwa makini kama walivyolitazama Wabudha wa madhehebu ya Theravada, ambao maandiko yao yamehifadhiwa katika lugha ya Kipali.

Maandiko mawili yatatushughulisha hapa. La kwanza ni shairi fupi la beti 10, liitwalo Metta Sutta, lililomo katika mkusanyo wa kale wa Sutta Nipata. La pili ni kitabu kikubwa cha Visuddhimagga, maana yake Njia ya Utakaso, kilichotungwa katika karne ya 5 na mwanachuoni Buddhaghosa alipokuwa katika nyumba ya watawa ya Mahavihara, mjini Anuradhapura, katika kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Mlango wa 9 wa kitabu hicho ndio unaoeleza namna ya kuukuza upendo kwa tafakuri. Kitabu kimepata kufasiriwa kwa Kiingereza zaidi ya mara moja, na tafsiri inayotumika sana ni ile ya mtawa Ñāṇamoli, Mwingereza aliyehamia kisiwani humo, ambayo ilitolewa Colombo mwaka 1956. Wala jambo hili si geni kabisa katika pwani yetu: Wasinhala waliohamia Dar es Salaam walijiwekea hekalu mjini humo mapema katika karne ya 20, na Metta Sutta ni miongoni mwa maandiko yasomwayo mara nyingi sana katika mahekalu ya madhehebu yao.

Siku hizi tafakuri hii imetoka katika nyumba za watawa. Hufundishwa katika vyuo vikuu na hospitali za Ulaya na Marekani, na hufuatwa na watu wa kila dini na wasio na dini. Desturi ni kwamba mwanafunzi huketi kimya, akajitakia heri yeye kwanza, awe salama, awe na furaha, kisha akawatakia wengine vivyo hivyo. Desturi hii ina asili yake katika Visuddhimagga. Lakini je, nafsi iliwekwa mwanzoni kwa sababu gani? Iliwekwa pale kama mgeni wa heshima anayepakuliwa kwanza, au kwa kazi nyingine? Insha hii inadai kwamba iliitwa kama shahidi, na kwamba msomaji asiyeona tofauti ya mambo hayo mawili hupoteza maana ya mlango mzima.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tulipime neno lenyewe. Metta limetokana na mitta, yaani rafiki. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno mengi ya kuchagua, na kila moja lina kasoro yake. Mapenzi ni neno tamu, lakini mara nyingi hubeba tamaa ya mwili ndani yake, na Buddhaghosa asema kwamba tamaa ndiye adui wa karibu wa metta. Adui wa mbali ni chuki, naye hutambulika tangu njiani. Adui wa karibu hufanana na mwenye nyumba, hata akafunguliwa mlango kwa heshima. Hisani ni neno la adabu, lakini aghalabu hutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, na mpokeaji hubaki na deni. Huruma ni neno la haki kwa fadhila ya pili, iitwayo karuna, kwa sababu huruma huamshwa na maumivu. Metta haingoji maumivu: humtakia heri mwenye kicheko kama inavyomtakia mwenye kilio. Huruma nayo ina adui wake wa karibu, ambaye ni majonzi ya kidunia; mtu aweza kulia na mgonjwa hata akasahau kumpa maji. Basi katika insha hii metta tutaiita upendo mwema, ili kivumishi kilinde jina lisiingiliwe na mgeni asiyealikwa.

Tuanze na shairi. Msomaji anayetazamia kukuta humo maneno matamu ya upendo tangu ubeti wa kwanza atastaajabu. Beti za mwanzo hazitaji upendo hata kidogo, zinataja tabia. Mtafutaji awe hodari, mnyofu, mpole wa kauli, asiye na kiburi, mwepesi wa kutunzwa, mwenye kuridhika na kidogo, wala asitende hata jambo dogo ambalo wenye busara wangemlaumu kwalo. Baada ya hapo tu ndipo dua ya heri inapofunguliwa, nayo hufunguliwa kwa hesabu: viumbe dhaifu na wenye nguvu, warefu na wafupi, wakubwa na wadogo, wanaoonekana na wasioonekana, wa mbali na wa karibu, waliokwisha kuzaliwa na wanaotafuta kuzaliwa. Hesabu hii haikuwekwa kuwa pambo. Kila jozi hufunga tundu moja ambalo moyo wa mwanadamu ungependa kupenyea ili umwache mtu nje.

Katikati ya shairi umo mfano wake mashuhuri: kama mama anavyomlinda mwanawe wa pekee kwa maisha yake mwenyewe, ndivyo mtu aukuze moyo usio na mipaka kwa viumbe vyote. Waswahili husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mfano huu basi umechukua pendo lililo na mipaka kuliko mapendo yote, pendo la mmoja kwa mmoja, ukalifanya kipimo cha pendo lisilo na mpaka. Na tuangalie jinsi shairi linavyokoma: neno lake la mwisho ni kwamba mwenye moyo huo harudi tena kulala tumboni mwa mama. Mama aliyeitwa kuwa mfano anaagwa kwa heshima mwishoni. Aliyejifunza kipimo chake ameondoka na kipimo, na sasa anampimia kila mtu.

Nafsi haitajwi katika dua hiyo. Hakuna ubeti hata mmoja unaomwambia mtu ajitakie heri yeye mwenyewe. Hapa ndipo Visuddhimagga inapotofautiana na shairi, na Buddhaghosa, kwa uaminifu unaofaa kuigwa na kila mhakiki, hakuificha tofauti hiyo. Aliiuliza mwenyewe: ikiwa maandiko hayakutaja nafsi, kwa nini sisi tunaanza nayo? Jibu lake ni kwamba maandiko yale yanasema juu ya upendo uliokomaa, na kuanza na nafsi ni kuifanya mfano tu. Mtu ajiambie: kama mimi nipendavyo raha na kuchukia maumivu, kama nipendavyo kuishi na kuchukia kufa, ndivyo walivyo viumbe wengine. Kisha akaegemeza hoja yake juu ya kisa cha mfalme Pasenadi wa Kosala na malkia Mallika. Mfalme alimwuliza malkia kama kuna mtu ampendaye kuliko nafsi yake. Yumkini alitazamia kutajwa yeye. Malkia akajibu kwamba hakuna, naye mfalme alipojitazama aliona kwamba hana jibu jingine. Habari ilipofika kwa Budha hakumkemea malkia. Alikubali kwamba mtu akizunguka pande zote za dunia hamwoni ampendaye kuliko nafsi yake. Na kwa kuwa kila mmoja yu hivyo kwa nafsi yake, ajipendaye asimdhuru mwingine.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma kisa hiki bila kukumbuka methali yetu: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali haimwambii mtu ajipende. Inajua kwamba anajipenda. Wala haimlaumu kwa sababu hiyo. Inachukua uchungu anaoujua katika ubavu wake mwenyewe na kumwuliza kwa nini ameusahau alipoushika mpini. Huu ndio ushahidi wa nafsi. Shahidi huitwa barazani kwa sababu aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Naye akisha kusema alilolijua, kesi huendelea kwa ajili ya wengine. Hakuitwa ili apewe hukumu ya ushindi.

Kwamba hii ndiyo nia ya Buddhaghosa kunathibitishwa na maneno yake mengine, ambayo walimu wa siku hizi huyataja kwa nadra. Asema kwamba mtu akijitakia heri yeye mwenyewe kwa miaka 100, au hata 1,000, hatafikia kilele cha utulivu ambacho tafakuri hii yakusudia kumfikisha. Hukumu hii ni nzito. Nafsi ni mlango wa kuingilia, na mtu aliyesimama mlangoni miaka 1,000 bado hajaingia nyumbani.

Baada ya nafsi, mtafutaji huenda kwa mwalimu wake au mtu mwingine amheshimuye; kisha kwa rafiki ampendaye sana; kisha kwa mtu asiyempenda wala kumchukia; na mwisho kwa adui. Mpango huu umejengwa juu ya ujuzi wa udhaifu wetu, na Buddhaghosa anautilia nguvu kwa visa vifupi vyenye ucheshi. Kijana mmoja alimwuliza mtawa mzee amkuzie nani upendo mwema kwanza. Mzee akajibu: mtu umpendaye. Kijana alimpenda mkewe. Basi akaketi chumbani akimtafakari, na usiku kucha akawa anapigana na ukuta. Adui wa karibu alikuwa amefunguliwa mlango, hali yule maskini mwenyewe hauoni mlango. Mtawa mwingine kijana alijitahidi kumtakia heri mwalimu wake, asifanikiwe hata kidogo, mpaka alipopata habari kwamba mwalimu huyo amekwisha kufa. Dua hii ni ya walio hai. Mtu hawezi kuutumia upendo wa marehemu kuwa kimbilio la kuwakwepa majirani wake wanaopumua.

Sehemu ndefu na bora kupita zote ni ile inayohusu adui. Hapa mwandishi anafanana na mganga mwenye mkoba mpana: dawa hii ikishindwa, ajaribu ile. Mtu mwenye hasira amefanana na anayeokota kaa la moto au kinyesi ili ampige nalo mwenziwe. Kwanza hujiunguza au hujinukisha yeye. Au autazame upande mmoja mwema wa adui na kuuacha uliobaki. Au, kwa imani yao ya kuzaliwa tena na tena, akumbuke kwamba ni vigumu kumpata kiumbe ambaye hakupata kuwa mama yake zamani. Au amchambue adui kwa vipande na kujiuliza: hasira yangu ni kwa nywele zake, au kucha zake, au mifupa yake? Na dawa hizi zote zikishindwa, ya mwisho haimo katika fikira kabisa: ampe zawadi. Katika nyumba ya watawa ya Cittalapabbata mtawa mmoja alihamishwa makao yake mara 3 na mkubwa asiyempenda. Mtawa huyo alimletea mkubwa wake bakuli lenye thamani ya sarafu 8, akamwambia kwamba alipewa na mama yake kwa njia ya haki, naye apokee ili mama huyo apate thawabu. Yapaswa kuangaliwa kwamba kitabu cha tafakuri, kilipofika mwisho wa nguvu za tafakuri, kilimtuma mtu ainuke, akachukue chombo chake chenye thamani, na kwenda nacho mlangoni kwa aliyemkosea.

Mtihani wa mwisho ndio uliowasumbua wasomaji wengi. Mtu ameketi na watu watatu: rafiki yake, mtu asiyemhusu, na adui yake. Wanyang'anyi wanatokea na kudai wapewe mmoja wa kuchinjwa. Akisema moyoni, wamchukue adui, ni dhahiri kwamba mipaka haijavunjika. Lakini Buddhaghosa asema kwamba hata akisema, wanichukue mimi, wawaache hawa watatu, mipaka bado imesimama. Mipaka huvunjika pale asipomwona hata mmoja katika hao wanne wa kutolewa.

Hapo msomaji ana haki ya kupinga. Je, mama wa katika shairi si angesema, nichukueni mimi? Shairi lamsifu, na mlango huu wamnyima cheti! Nionavyo, ugomvi huu hutulia tukiangalia kila andiko linapima nini. Shairi lapima kina cha ulinzi, yaani mtu ayalinde maisha ya wote kwa nguvu zile zile ambazo mama humlinda nazo mmoja. Kisa cha wanyang'anyi chapima usawa, nacho ni swali linaloulizwa moyoni, wala si amri ya vita. Anayejitoa haraka katika fikira yake aweza kuwa shujaa. Aweza pia kuwa amejihesabu kuwa kitu cha bei rahisi kuliko wengine. Buddhaghosa amekataa bei hiyo. Aliyeita nafsi kuwa shahidi hawezi mwishoni kumchinja shahidi wake na kuiita kesi imekwisha kwa haki. Katika mtihani huu nafsi, rafiki, mgeni na adui wamekaa jamvi moja, na huruma kwa nafsi na huruma kwa wengine zimekuwa huruma moja.

Sifa zisitufumbe macho tusione kasoro. Kwanza, mwandishi huyu amewaandikia watawa wanaume. Akionya mtu asianze kwa kumtafakari wa jinsia nyingine, mfano wake ni mume na mke, na mwanamke huonekana kama hatari inayotajwa kuliko msomaji anayesemeshwa. Ni ajabu ya kusikitisha, maana ushahidi ulioibeba hoja yake yote ulitoka kinywani mwa Mallika. Pili, kupenda kwake orodha humchosha msomaji, na mara nyingine huficha kisa kizuri chini ya lundo la hesabu. Tatu, na hili ni kubwa, hakumfikiria mtu anayejichukia. Hoja yake yasimama juu ya jibu la malkia kwamba kila mtu hujipenda kuliko wote. Je, asemeje mtu ambaye, akiulizwa swali lile, angejibu kwamba hamchukii yeyote kama anavyojichukia mwenyewe?

Swali hili ndilo lililowafanya walimu wa siku hizi waibadili zamu ya nafsi. Mwaka 1990, mjini Dharamsala, mwalimu Mmarekani Sharon Salzberg alimwuliza Dalai Lama juu ya watu wanaojichukia. Salzberg amesimulia kwamba Dalai Lama hakulielewa swali hilo kwa urahisi, na ilibidi afafanuliwe hali hiyo ni nini. Kitabu cha Salzberg juu ya upendo mwema kilitoka mwaka 1995 na kikaeneza tafakuri hii katika Marekani. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Kristin Neff alichapisha maelezo yake ya kujihurumia pamoja na kipimo chake, akaligawa jambo hilo mafungu 3: kuwa mwema kwa nafsi, kutambua kwamba maumivu ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyakana.

Haitakuwa haki kuwalaumu hawa wote kwamba wamegeuza ibada kuwa ubembelezi. Pishi lililopasuka haliwezi kupima. Yafaa lizibwe kwanza. Mtu aliyezoea kujitukana usiku na mchana hana kipimo cha heri cha kumpimia jirani, na huenda akampimia kwa tusi lile lile. Kwa mtu huyo, kuanza na nafsi ni kutengeneza chombo. Na fungu la pili la Neff laonyesha kwamba alilijua jambo ambalo wafuasi wengine hulisahau: ajihurumiaye kwa haki hukuta kwamba maumivu yake si mali yake peke yake. Lawama yetu ni kwa wale wanaoziba pishi, wakalisugua likang'aa, wakaliweka kabatini. Upo ufundishaji ambao mwanafunzi hujitakia heri asubuhi na jioni, akatulia, akalala vizuri, na mtu asiyemhusu hafiki zamu yake kamwe, seuze adui. Kwa ufundishaji huo Buddhaghosa ana jibu tulilokwisha kulisikia: hata miaka 1,000.

Basi wanafunzi wa fasihi na wa maadili wakisome kitabu hiki kwa macho mawili. Kwa jicho moja waone kwamba kujihurumia si dhambi wala udhaifu, maana asiyeujua uchungu wa mkuki katika mwili wake hawezi kuamini uchungu wa mwingine. Kwa jicho la pili waone kwamba nafsi iliitwa kwa kazi, na kazi hiyo ina mwisho. Shahidi akisha kusema kweli yake hushuka kizimbani, akaketi katika jamvi pamoja na rafiki, mgeni na adui, wala hapewi mto mkubwa kuliko wao, wala hanyimwi wake.